Fremu Isiyogeuka Nyekundu

Nyinyi vijana mnaonipitia hapa nyumbani na simu zilizojaa picha za baiskeli, swali lenu ni moja, na huliuliza mkiwa mmesimama, kama watu wanaotaka jibu la neno moja: baiskeli mpya ya mbio, nichukue fremu ya chuma, ya alumini au ya kaboni? Kaeni. Vidole vyangu havifungi tena nati ndogo, ndiyo maana nimestaafu, lakini kwa swali hilo bado nina nguvu.

Nami nitawauliza kwanza. Utaendesha wapi, na ikivunjika itatengenezwa na nani? Ukijibu kwa ukweli, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ni kujua kila aina huvunjika namna gani, kwa sababu kila fremu itavunjika, hata ile uliyoitolea sadaka kanisani.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda Kawangware, karibu na stage ya matatu ya 56, nyuma ya maduka ya misumari na rangi. Shule niliiacha mapema. Ufundi nilijifunza kwa msumeno: fremu iliyokufa sikuitupa, niliikata vipande nikaangalia unene wa bomba, ufa ulipoanzia na kutu ilipoingilia. Nadharia nilijifunza kwa kula nyama. Buchari ya jirani ilifungia nyama kwa kurasa za majarida ya kigeni, na siku moja nusu kilo yangu ilikuja imefungwa kwa makala ya baiskeli. Ilieleza kwamba alumini ni nyepesi kuliko chuma, kwamba bomba lake lazima liwe nene ndipo liwe imara, na kwamba kuna jambo moja ambalo mwenye fremu ya alumini hapaswi kulisahau kamwe. Hapo ukurasa ukaisha.

Nilirudi buchari kuuliza ukurasa uliofuata.

"Huo ulienda na matumbo," mwenye buchari akasema.

"Yalinunuliwa na nani?"

"Na mtu wa matumbo."

Aliyenifundisha moto alikuwa mzee Kilonzo, fundi wa gesi kutoka Kitui, jirani yangu wa kibanda. Hakuwa na kipimo chochote ila macho. Chuma kikiwa chekundu kama nyanya, alisema, kiko tayari kupokea shaba ya kuungia. Kikifika rangi ya chungwa umechelewa. Kikiwa cheupe, tafuta kazi nyingine. Nilimwona akiunga fremu zilizopasuka vipande viwili, na wenyewe wakarudi nazo mwaka uliofuata kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Kwa fundi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Lazima niwaeleze pia desturi moja. Kawangware na Kibera, baiskeli mpya haikuingia barabarani kabla ya kupita kwa fundi wa moto. Ilitoka dukani ikiwa bado imevishwa karatasi, ikapelekwa moja kwa moja kutiwa nguvu: fito mbili kando ya foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nondo ya kujengea nyumba chini ya bomba la juu, na keria ya kubebea mizigo nyuma, ya vyuma vya unene wa kidole. Mtu aliyepita na baiskeli isiyotiwa nguvu aliulizwa kama ameiazima. Nami siwezi kuicheka desturi hiyo. Wenye kiwanda hawakuwa wameyaona magunia yetu.

Sasa, Odhiambo. Alikuwa mtu wa karibu miaka thelathini, akipeleka magazeti kwa baiskeli nyumba hadi nyumba kule Ayany, Kibera, na mama yake alikuwa na kioski cha maji Mashimoni, huko huko Kibera. Kampuni moja ya mikate ilikuwa inaunda timu ya mbio. Wangechukua waendeshaji sita, na kila aliyechukuliwa angepewa pia kazi ya kudumu kwenye ghala lao. Majaribio yalikuwa Jumapili, Uthiru hadi Limuru na kurudi. Walikuwa wamesema wazi kwamba mwaka ujao hawatatazama mtu wa umri wake. Wiki ile ile, fremu yake ikapasuka.

"Niaje, fundi," alisema, akiilaza mbele yangu. "Hii si itashikika?"

Niliigeuza chini juu. Ufa ulianzia pale mhimili wa pedali unapopita, ukazunguka bomba karibu lote.

"Itashikika," nikamwambia. "Itakufikisha Uthiru. Kutoka Uthiru hadi Limuru utaenda na nini?"

"Fundi, usinichezee. Hii kazi nikiikosa nitauza gazeti hadi nizeeke."

"Sikuchezei. Magurudumu ni mazima, breki ni nzima, usukani ni mzima. Tafuta fremu."

Fremu zilipatikana kwa Wanjohi, muuza mitumba aliyetundika bidhaa zake kwenye mti wa umeme. Siku hiyo alikuwa na mbili: moja ya buluu na moja iliyopakwa rangi ya fedha, mabomba yake manene kama mkono wa mtoto. Nilizisogezea sumaku ninayotembea nayo. Ya buluu ikaishika. Ya fedha ikaiacha ianguke. Hiyo ndiyo elimu yote inayohitajika kutofautisha chuma na alumini, na haina haja ya jarida.

Wengine watawaambia mgonge fremu msikilize mlio. Gongeni, haina ubaya, lakini mtakachosikia ni kwamba mmegonga. Nyinyi chukueni uzi. Ufungeni upande wa kulia, pale gurudumu la nyuma linapokaa. Upelekeni mbele, uzunguke bomba fupi la usukani, urudi upande wa kushoto. Kisha pimeni nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, mwambieni muuzaji kwa sauti ambayo wateja wengine wataisikia.

Ya buluu ilikuwa imepinda kwa unene wa kijiti cha kiberiti. Ya fedha ilikuwa imenyooka. Nikapitisha kitambaa cha pamba kwenye maungio yake yote, kwa kuwa ufa ambao jicho halijauona hushika nyuzi za kitambaa. Hakikushika kitu.

Vijana wa stage walikuwa tayari wametuzunguka.

"Omosh," mmoja akamwita Odhiambo kwa jina lake la mtaani, "chukua hiyo ya silver. Hiyo ni ndege."

"Ndege gani? Hiyo ni sufuria. Mathe wako atakupikia ugali nayo."

"Wacha wivu. Wewe hata wilbaro huna."

Odhiambo akanitazama. "Fundi, wewe ungechukua gani?"

Nilimwambia ukweli, na leo nisingebadilisha neno. Kwa mlima wa Limuru, alumini. Ni nyepesi, haipotezi nguvu ya mguu, na hii imenyooka. Lakini chuma kikichoka hukuonya: rangi hupasuka kwanza, kisha mlio huanza, kisha ufa hutembea polepole kama mtu anayeenda kudaiwa. Alumini haikuonyi. Nikaongeza kwamba asiipeleke kwa moto, kwa kuwa sikujua moto ungeifanya nini, na jambo nisilolijua silifanyii majaribio kwenye fremu ya mtu.

Kama mnangoja niseme kuhusu kaboni, niliiona mara moja tu miaka ile. Mgeni mmoja alileta baiskeli yenye mabomba meusi yaliyogundishwa kwenye viungo vya alumini, akataka nikaze kiti. Niliitazama gundi, nikaitazama mikono yangu, nikamwambia kiti kimekazwa vya kutosha.

Odhiambo akachukua ya fedha. Akaipeleka nyumbani Mashimoni kulala, akapanga kuniletea kesho yake baada ya magazeti, tuifunge vitu vyake. Asubuhi hiyo mimi nikashuka mjini kutafuta gololi za chuma za mhimili wa pedali.

Niliporudi, nikiwa bado ng'ambo ya barabara, niliona mwali wa buluu kwenye kibanda cha Kilonzo. Mbele yake alisimama mwanamke mnene mwenye leso kichwani, amekunja mikono kama msimamizi wa mjengo. Alikuwa Mama Odhiambo. Juu ya meza ya chuma ilikuwa fremu ya fedha, na kando yake nondo iliyokatwa kwa kipimo.

Nilikimbia. Sikuwa mtu wa kukimbia hata wakati huo.

"Mzee, zima!"

Kilonzo hakuinua macho. "Ngoja kwanza. Bado haijawa nyekundu."

"Na kama haitakuwa?"

"Kila kitu huwa nyekundu," akasema, akausogeza moto karibu zaidi, na bomba la juu likashuka. Halikulia wala halikubadilika rangi hata kidogo. Lililegea katikati kama ugali wa mtu aliyeishiwa unga, likadondoka chini ya meza, na nondo ikabaki juu, nzima kabisa.

Kilonzo akazima gesi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii chuma ni ya wapi?"

"Si chuma, Mzee. Ni alumini."

"Mama aliniambia ni baiskeli."

"Ni baiskeli. Si chuma."

Mama Odhiambo akainama akaangalia. "Sasa imekuwa nini?"

"Imekuwa mbili," Kilonzo akasema.

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye ukurasa ulioenda na matumbo. Chuma hukuonyesha rangi kabla ya kuyeyuka. Alumini huyeyuka ikiwa na sura ile ile iliyokuja nayo. Kilonzo alikuwa akingoja ishara aliyoingoja maisha yake yote, na safari hii ishara haikuwa njiani.

Odhiambo alifika na mfuko wake wa magazeti mtupu. Aliangalia meza, akaangalia chini ya meza, akaketi juu ya debe.

"Mama, si nilikuambia hii haitiwi nguvu?"

"Uliniambia ni mpya."

"Ndiyo, lakini..."

"Mjomba wako alianguka na baiskeli gani?"

"Mpya."

"Ilikuwa imetiwa nguvu?"

"Haikuwa."

"Sasa unaniuliza nini? Mimi nilikuzaa, mimi nitakuacha upande karatasi kwenda Limuru?" Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na leso aliivua akaikunja mara nyingi kuliko ilivyohitaji kukunjwa. "Baba Mwende," akaniambia mimi, maana mtoto wangu wa kwanza ni Mwende, "inaweza kurudi?"

"Haiwezi, mama. Pale inahitaji mashine ya umeme ya aina nyingine, na hata ikiungwa, sitampandisha mtu."

Ijumaa ilikuwa imefika. Tukaenda wote wanne kwa Wanjohi. Mti wa umeme ulikuwa mtupu.

"Ile ya buluu?"

"Ilienda jana," Wanjohi akasema. "Yule kijana wa maji, Mutua. Alisema yake imechoka."

Mutua alikuwa muuza maji wa kuzunguka, akijaza mitungi ya plastiki na kuisukuma mlango hadi mlango. Na alijaza wapi? Kwenye kioski cha Mama Odhiambo, Mashimoni. Tulimkuta hapo kwenye foleni. Fremu ya buluu ilikuwa tayari imetiwa nguvu: nondo chini ya bomba la juu, fito mbili za foki, keria ya kubebea mitungi minne. Niliutambua mkono uliofanya kazi. Kilonzo pia aliutambua, akatazama upande mwingine.

"Mutua," Mama Odhiambo akasema, "hiyo baiskeli tunaitaka hadi Jumapili."

"Zii, mama. Hii ndiyo ofisi yangu."

"Utachota maji kwangu Jumatatu?"

"Si ndiyo."

"Ama utachota kwa mtaro?"

Mutua akafikiri. Foleni nzima ikafikiri pamoja naye.

"Mpe tu, bana," mmoja akamwambia. "Huyo mama akifunga bomba tunakufa kiu sote juu yako."

"Sawa," Mutua akasema. "Lakini naijia huko huko Uthiru. Akimaliza tu, nachukua. Jumapili watu wanafua."

Kazi ilifanyika Jumamosi. Fito za foki na keria zilifunguliwa kwa spana. Nondo ilikuwa imeungwa kwa shaba, na Kilonzo akasema kuitoa ni kulipasha moto bomba jembamba mara ya pili, nalo litakuwa laini. Akakataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikataa kuwasha. Nondo ikabaki.

Kisha tukanyoosha nyuma. Hii ndiyo sababu chuma kimenilisha maisha yangu: kinakubali kurekebishwa kikiwa baridi. Gurudumu nene la Mutua lilikuwa limezidi kupanua fremu, na ule upindo wa zamani ulikuwa bado upo. Nilipitisha ubao kati ya mabomba, Kilonzo akakanyaga, Odhiambo akashika mbele. Uzi aliushika Mama Odhiambo.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Kushoto bado ni pana."

Tukasukuma.

"Sasa?"

"Mmezidisha. Nyinyi wanaume mnasukuma kama mnaingia kanisa limejaa. Rudisheni kidogo."

Alituweka hapo hadi tukalowa jasho. Mara tatu nilisema imetosha, na mara tatu akasema hapana, na akawa sahihi. Aliyekuwa na haraka alikuwa Odhiambo. Mama yake alikuwa ameshavunja moja. Hakuwa na nia ya kuharibu ya pili. Ilipokaa sawa, tukaifunga magurudumu, breki na usukani wa Odhiambo.

Jumapili tulipanda nyuma ya lori la mikate lililofuata waendeshaji, mimi na Mama Odhiambo, mimi kama fundi na yeye kwa sababu hakuna aliyeweza kumkataza. Msimamizi, bwana mmoja mwenye firimbi, alizunguka baiskeli ya Odhiambo mara mbili.

"Hii ni baiskeli ama ni lango?"

"Ni ya mbio," nikasema.

"Na hiyo nondo?"

"Ni ya desturi."

Akaisoma karatasi yake ya masharti. Ilisema baiskeli iwe ya mbio na breki zishike. Haikusema lolote kuhusu nondo. Akapuliza firimbi.

Kupanda kulikuwa kubaya, sitawaficha. Waendeshaji walikuwa ishirini na kitu, na kabla ya mji wa Kikuyu Odhiambo alikuwa miongoni mwa wa mwisho. "Omosh, umebeba simiti ya nani?" mmoja akampigia kelele akimpita. Mama yake aliacha kutazama mbele, akawa anatazama miti. Limuru aligeuka akiwa na watu wengi mbele yake kuliko vidole vyangu, na mimi tayari nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia jioni.

Kurudi ni mteremko, na mteremko wa miaka ile haukuwa wa lami bali wa kumbukumbu ya lami. Mvua zilikuwa zimekula kingo na kuacha mashimo katikati. Wenye fremu nyepesi na ngumu walirukaruka, mikono ikawachoka, wakaanza kushika breki. Fremu ya buluu haikuruka. Chuma chembamba hulegea kidogo na kumeza mshtuko, na uzito wa ile nondo ulilibana gurudumu chini. Juu yake alikaa mtu aliyepita kwenye mashimo kila asubuhi ya maisha yake akiwa na magazeti begani, ambaye hakuwa na sababu ya kushika breki kwa ajili ya shimo. Nilimwona akipita wawili, kisha watatu kwa pamoja, kisha wengine tena kwenye kona ambayo mimi nisingeipita kwa miguu.

"Mbona hafungi breki?" Mama Odhiambo akaniuliza, amenishika shati.

"Hana haja, mama."

"Mwambie afunge!"

"Niko kwa lori, mama."

Walitaka watu sita. Odhiambo alifika wa tano. Bwana wa firimbi akaandika jina lake, akaliangalia, akaiangalia nondo, akaandika jina tena vizuri zaidi. Mama yake alishuka kwenye lori, akamfuta uso mtoto wake kwa leso, kisha akaliinamia bomba la juu akaligonga mara mbili na kusikiliza. Sikumwambia kwamba kugonga hakusemi kitu.

Mutua alikuwa hapo, na keria begani na spana mfukoni. Aliifunga keria pale pale kwenye mstari wa mwisho, watu wakipiga makofi.

"Magurudumu yako utayachukua kesho," akamwambia Odhiambo. "Saa hii kuna watu wana sabuni mkononi."

"Na mimi naenda vipi?"

"Panda nyuma."

Odhiambo akapanda keria, bado na namba ya mbio kifuani, na Mutua akaanza kupiga pedali kuelekea Kawangware. Nilizihurumia spoki za Odhiambo, lakini fremu haikutoa mlio. Sisi na lori tuliwakuta mbele kidogo, pale barabara inapoinuka kabla ya kuteremka tena. Mutua alikuwa amesimamisha baiskeli.

"Shuka," alikuwa akisema. "Hapa huwa tunasukuma."

Mwendeshaji mpya wa timu akashuka, akasukuma.